Mkwe Kwenye Cherehani

3 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi ni mzima wa mwili, lakini nina hasira, na nitakueleza sababu, maana najua huko umeshasikia ya upande mmoja tu.

Jumapili iliyopita mke wangu alifunga nguo zake akaja kwako. Sikumpiga, sikumtukana, wala sikurudi nyumbani nimelewa. Tambara, Mama. Ameondoka kwa sababu ya tambara. Nilikuwa karakana, ambayo kama unavyojua iko hapo hapo uani, na mafundi wenzangu wawili, tunafunga bawaba za geti la watu. Mikono imejaa grisi. Nikanyoosha mkono kwenye kamba ya kuanikia, nikavuta kitambaa kilichokuwa karibu, nikafuta. Akatoka jikoni akauliza, "Hicho unachofutia unakijua?" Nikamjibu, "Ni tambara tu hili." Wenzangu wakacheka, nami nikacheka. Kumbe ni aproni yake, ile aliyoishona mwenyewe. Sasa Mama, aproni yenyewe mfuko mmoja uko juu na wa pili uko chini, mkanda wa kulia mrefu, wa kushoto mfupi. Ningejuaje?

Nikamwambia nitamnunulia nyingine dukani, nzuri kuliko ile. Hapo ndipo alipozidi kuwaka! Ndoa ya miaka sita inayumba kwa sababu ya kitambaa. Naona nimeonewa, na ninasema wazi nimeonewa.

Nakuomba Mama ukae naye umwambie arudi nyumbani kwake. Msalimie sana.

Mkweo,
Fundi wa Mageti


12 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba. Sijambo, ila nina hasira, kwa hiyo usiushangae mwandiko.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipokosea wewe. Sikupaona. Kimekosa kitambaa, imekosa kamba ya kuanikia, imekosa mifuko ya aproni. Wewe umetoka safi kabisa. Hongera.

Sasa nikwambie habari ya hilo tambara. Nimewashonea watu nguo miaka thelathini, lakini huyu kitindamimba wangu sikumfundisha. Nilikuwa na kazi nyingi na subira kidogo. Amejifunza mwenyewe akiwa mtu mzima, kwa cherehani aliyoinunua imeshachoka. Sindano ilimpita kidoleni ikatokea upande wa pili. Alifumua, akashona, akafumua tena, wiki tatu nzima. Aliponiletea niione aliishika kwa mikono miwili. Nilimwambia hiyo mifuko imegombana, tukacheka mpaka tukakaa chini. Ila mimi nilicheka pamoja naye. Unaiona tofauti? Akaniambia, "Mama, sasa nyumba yetu ina mafundi wawili." Ndiye huyo uliyemwambia tambara mbele ya mafundi.

Kwa kuwa aproni kwako ni kitu cha kuchekwa, shona moja. Cherehani iko chumbani kwako, ameiacha. Tafuta kitambaa cha pamba kizito. Pima kutoka kifuani mpaka chini ya magoti, na upana wa kukuzunguka kiunoni mpaka ubavuni. Juu kata chembamba, chini kipana. Kila upande acha vidole viwili kwa ajili ya pindo. Kunja mara mbili, piga pasi, ndipo ushone. Mkanda mmoja wa shingoni, miwili ya kiunoni, mfuko mmoja mbele. Kazi ya mtoto wa shule, au siyo?

Habari ya mtu kurudi usiniandikie mpaka aproni hiyo imefika mikononi mwangu nikaikagua.

Mama mkweo


21 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimeacha, kama ulivyoniagiza.

Nimeacha vidole viwili kila upande, na kazi nimeimaliza, nayo imo ndani ya kifurushi hiki. Lakini kabla hujaifungua naomba nitoe dukuduku langu. Mimi ni fundi wa miaka kumi na minane. Geti nililolitengeneza mimi likifungwa, hata wembe haupiti katikati. Leo naambiwa nikae kwenye kigoda nisukume pedali, na dirisha liko wazi, na jirani anapita mara tatu kwa siku akijitia anatafuta kuku wake. Sijawahi kudhalilika hivi.

Na hicho kidude chenyewe kina roho mbaya. Nimevunja sindano tano. Juu uzi umenyooka vizuri, ukigeuza upande wa chini unakuta fundo kubwa la uzi limejikusanya, huoni linapoanzia. Nilipaka mafuta kila tundu nililoliona. Kutunga uzi sindanoni pekee kulinichukua asubuhi nzima, maana macho haya yameshaungua kwa moto wa kuchomelea. Hakuna aliyenionea huruma, kwa sababu hakukuwa na mtu.

Kitambaa kizito sikukipata dukani, nikatumia kilichokuwepo nyumbani.

Nimetimiza sharti lako. Msalimie mke wangu, mwambie nyumba imepoa.

Mkweo,
Fundi wa Mageti


2 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba, ingawa hustahili. Mtu gani anaanza barua kwa mama mkwe wake na neno "nimeacha"? Nilisoma mstari huo wa kwanza nikaishusha barua. Nilidhani umemwacha mtoto wangu! Ilibidi nikae kwanza kwenye ngazi ndipo niendelee na mstari wa pili.

Na ukaacha kweli. Niliposema acha vidole viwili nilikuwa nasema bakiza, ongeza, usivikate! Wewe umevipunguza. Juu ya hapo ukakunja pindo kwenye kile kilichobaki. Aproni hii inamtosha mtoto wa miaka mitano, tena aliyekonda. Huko kwenye vyuma vyako hakuna pindo, najua. Mnakata pale pale kwenye alama. Nguo haiendi hivyo. Nguo lazima uipe ziada, ziada hiyo ijifiche ndani, na ndiyo inayoshikilia kila kitu.

Mafuta yako yamechafua kitambaa chote. Cherehani inawekewa tone moja moja, haioshwi.

Na hicho kitambaa! Unafikiri sikulitambua pazia la chumbani? Mimi ndiye niliyewashonea mlipooana. Umeondoa aproni ya mke wako, sasa unaondoa na pazia; ukiendelea hivi mtabaki na ukuta.

Uzi wa chini unajikusanya kwa sababu unashona kabla ya kushusha mguu wa cherehani. Shusha mguu, shika ncha za nyuzi zote mbili kwa nyuma, anza taratibu. Kabla ya kushona piga bandi kwa mkono, mishono mirefu mirefu ya kushikiza tu, utaitoa mwishoni. Anza upya, na ununue kitambaa.

Salamu zako zimefika.

Mama mkweo


13 Machi

Mama,

Shikamoo. Hii ni ya pili na ya tatu, ziko pamoja. Ya pili utaiona mfuko wake umefunguka kwa chini na kufungwa kwa juu. Naijua kasoro hiyo, usiniandikie habari zake. Niliituma ili uone kwamba sifichi kazi mbaya.

Ya tatu iangalie vizuri. Nimeongeza vidole viwili. Nimekunja mara mbili, nimepiga pasi, nimeungua kidole gumba. Hiyo bandi yako niliielewa mara moja, maana na sisi geti hatulichomelei lote kwa mkupuo; tunalishika kwanza kwa doa hapa na doa pale lisipinde. Kwa nini hukuniambia hivyo tangu mwanzo? Ningeokoa pazia.

Karakana wananiita Bibi Harusi. Nilifika na nyuzi kwenye suruali, ikawa vicheko kutwa. Nilikasirika mpaka nikamtupia mmoja wao glovu. Kisha nikaenda kusimama chini ya kamba ya kuanikia. Hilo sitaki kulieleza.

Lakini Mama, nina jambo linanikera. Salamu zangu umesema zimefika. Yeye hana hata neno moja la kunirudishia? Hata kunitukana? Miezi inakatika. Mtu akikaa kimya hivyo huwezi kujua amekasirika au ameshakusahau. Namwomba arudi, naomba umwambie hivyo hivyo nilivyoandika: namwomba.

Mkweo,
Fundi wa Mageti


23 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Zote mbili nimezipokea. Ya tatu ina pindo zuri, siwezi kusema uongo. Mishono imenyooka kuliko ya wanafunzi wangu wengi. Lakini mfuko haukukazwa kwenye pembe zake za juu, utachanika siku ya kwanza mtu akitia mwiko. Na mimi aproni isiyo na bitana siihesabu kuwa aproni. Shona ya nne, yenye bitana ndani, na mikanda uigeuze iwe na pande mbili nzuri. Usiharakishe. Kazi ya kuharakisha inaonekana.

Unauliza kuhusu ukimya. Salamu zimefika, nimeshakwambia. Jibu likikosekana mimi nifanye nini, nilishone?

Huku hatujambo. Kitindamimba amenipakia chokaa ukuta wa jikoni na ameitengeneza bustani ya nyuma iliyokuwa imeshakufa. Anaimba akifagia. Nilikuwa nachemsha chai ya kikombe kimoja tangu baba yake afariki, sasa nachemsha birika zima na linaisha. Kwa hiyo usimwonee huruma, hana shida yoyote.

Bitana ikatwe sawasawa na kitambaa cha juu. Usipunguze.

Mama mkweo


2 Aprili

Cheche,

Hilo ndilo jina wanalokuita wenzako, nami nalitumia leo kwa sababu sijui kama bado nina haki ya kukuita mume wangu.

Miezi miwili. Hata mstari mmoja! Mtu akipoteza spana anaitafuta chini ya kila meza, nimekuona ukifanya hivyo kwa macho yangu. Mimi nimeondoka na mfuko wa nguo mchana kweupe, na hujaniandikia hata kuuliza kama nilifika. Kila baada ya siku chache namuuliza Mama, "Hajaandika?" Ananijibu, "Mwanangu, wanaume ndivyo walivyo." Nimechoka kuuliza. Naimba ili Mama asinione ninalia, na hilo nalo limenichosha.

Najua unawaambia watu nimekimbia kwa sababu ya kitambaa. Waambie vizuri. Niliposhona ile aproni nilitaka nishone ya pili, ya kumi, niuze, niwe na kazi yangu na mikono yangu. Ulijua. Nilikwambia mezani, ukasema vizuri, ukaendelea kula. Siku ile uani niliiona kazi yangu ikifutiwa grisi, nikangoja uone haya. Ukacheka. Hukunicheka peke yako, ulinigawa ili wenzako wanicheke pia.

Kama umeniacha niandikie kwamba umeniacha, nijue. Sitakaa hapa nikikungoja kwa kukisia. Barua hii nimeipeleka posta mwenyewe, na jibu nitalifuata mwenyewe.

Mkeo, kama bado ni mkeo


9 Aprili

Mke wangu,

Sijaandika? Mimi? Nimepiga meza mpaka kikombe kimeanguka!

Nimeandika barua tatu tangu Februari. Zote nilimwandikia Mama kwa heshima, kwa kuwa wewe ulikuwa kwake, na mbili za kwanza nilimaliza kwa kukusalimia. Katika ya mwisho nilikuomba urudi, kwa maneno hayo hayo, na nikamwomba Mama akufikishie bila kubadilisha. Jibu lake kila mara: salamu zimefika. Nakutumia barua zake zote humu ndani, jisomee. Zilifika wapi, kama hukuzipata?

Na si barua tu. Nimeshona aproni nne! Mama alinipa sharti kwamba nikishona moja ndipo tuzungumze habari ya wewe kurudi. Ya kwanza akasema ndogo, ya pili mfuko umegeuka, ya tatu haina bitana. Ya nne ina bitana, ina pembe zilizokazwa, mikanda yake imegeuzwa, na niliipeleka posta wiki iliyopita. Nimevunja sindano tisa. Najua kupiga bandi. Najua kwamba pindo linakunjwa mara mbili. Wateja wangu wawili wamehamia kwa fundi mwingine kwa sababu nilikuwa ndani nakunja pindo. Nimeitwa Bibi Harusi. Halafu unaniandikia mimi sikujali!

Ninyi wawili mmenichezea. Nataka kuelezwa.

Mumeo


16 Aprili

Mume wangu,

Barua yako nimeichukua posta kwa mkono wangu, nikaisomea pale pale kwenye ngazi. Nikarudi nyumbani, Mama yuko bustanini, nikafungua sanduku lake la vitambaa. Aproni nne, zimekunjwa vizuri moja juu ya nyingine, na barua zako tatu chini yake. Nilizitandaza zote kitandani nikamwita.

Sitaki kukusimulia yaliyosemwa. Sijawahi kumpandishia Mama sauti, na siku ile nilimpandishia. Alijibu kitu kimoja tu, kwamba hakusema uongo, salamu zilifika, zilimfikia yeye. Nikatoka nje nisije nikasema nitakalojuta.

Sasa zamu yako. Usifikiri hasira zangu kwa Mama ni ushindi wako. Mmekaa wawili, wewe na yeye, mkapima, mkakata, mkafumua, mkakubaliana masharti na kukaguana, na mnachokizungumzia ni mimi. Nani kati yenu aliyeniuliza? Mimi ndiye niliyekosewa, na hukumu imetolewa bila mimi kuitwa. Mama ananificha, wewe unanishonea. Hakuna aliyekuja kukaa mbele yangu.

Barua zako tatu nimezisoma, na hii uliyoniandikia mimi nimeisoma mara nyingi zaidi. Nimekuta pindo, nimekuta uzi, nimekuta sindano tisa na kidole gumba kilichoungua. Nimekuta umeonewa, umedhalilika, umechezewa. Neno moja sikulikuta popote, na ndilo pekee nililokuwa nalihitaji tangu siku ya kwanza. Lingetosha pale pale uani, kabla grisi haijakauka. Nisingefunga hata nguo moja.

Sikutaka ushone. Kushona najua.

Mkeo


19 Aprili

Mkwe wangu,

Leo sikungojei uniamkie.

Nina hasira na ninyi nyote. Kwanza na wewe, kwa sababu ulizipeleka barua zangu kwa mtoto wangu na kunivua nguo nyumbani kwangu, ingawa kwa kweli ilikuwa haki yako. Pili na yeye, kwa sauti aliyonipandishia, ingawa na yeye ilikuwa haki yake. Nimegeuka huku na huku nikitafuta mtu mwingine wa kumkasirikia, nimejikuta nimebaki peke yangu.

Aproni yako ya kwanza ilikuwa mbaya, ile nilikukatalia kwa haki. Ya pili pia. Lakini ya tatu ilikuwa nzuri, mwanangu. Niliigeuza usiku na mchana nikitafuta kasoro, nikaokota hiyo ya pembe za mfuko. Aproni ya jikoni haihitaji bitana. Hakuna fundi anayetia bitana kwenye aproni. Nilidai bitana kwa sababu ingekuchukua wiki mbili, na wiki mbili ni mabirika mengi ya chai. Alikuwa akiimba na mimi nikajiambia ana furaha. Nimemzaa, nikashindwa kusikia anaimba nini.

Sijawahi kumwomba mtu samahani kwa barua. Nimemwomba yeye kwa mdomo, jana, jikoni, tumesimama. Ilikuwa ngumu. Nilianza na kujieleza, akaniinulia kiganja, nikaanza tena bila kujieleza. Hakuniambia amenisamehe. Aliniambia amesikia, akaosha vikombe, akaanza kufunga nguo zake. Nakueleza ili ujue inavyokuwa, maana wewe kwa kujieleza unanizidi.

Aproni zako hajazichukua, ziko kwangu. Usiziulizie.

Barua hii sikuitia posta. Aliyekupa ndiye aliyeibeba. Nimemsihi aende nyumbani jioni akupe ukiwa peke yako, amekataa. Amesema atapitia karakana, saa ya kazi, na wenzako wawepo. Basi kama wapo, usiwaambie watoke. Kama mikono yako ina grisi, iache hivyo hivyo. Usinijibu mimi, na usisome tena kutoka juu ili upate muda. Amesimama mbele yako na mfuko wake wa nguo, na hajauweka chini. Inua uso, useme.

Mama